Shajara ya mradi: kutafuta mabomba na nyaya kabla ya kuchimba bustani, Nyegezi

Siku ya 1, Jumatatu. Kutembea, kuuliza, kuchora

Kiwanja ni mita 24 kwa 30, Nyegezi, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea ziwani. Nyumba kuu iko juu, nyumba ya uani iko chini yake, geti liko upande wa barabara. Kinachotakiwa kuchimbwa ni matuta manne ya mboga ya kina cha sentimita 30, mashimo matano ya miche ya maembe na parachichi (sentimita 60 kila upande), mfereji wa bomba la umwagiliaji, na msingi wa tangi la lita 5,000. Tangi hilo likijaa ni tani 5, kwa hiyo kinachopita chini yake lazima kijulikane kabla zege halijamwagwa. Kazi yote iko nje ya zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hilo lilipimwa kwanza.

Jambo la kuandika mapema, kwa sababu litarudi kila siku ya kazi hii: Mwanza jiwe ndilo linaloamua. Maelekezo ya ujenzi yanataka kebo ikae chini sentimita 50 au 60 na bomba la maji sentimita 45 hivi. Fundi akigonga jabali kwenye sentimita 15 hachongi. Anapita pembeni, au anapita juu yake na kufunika kwa udongo kidogo. Basi dhana mbili ambazo mchimbaji huzitegemea zote ni mbovu hapa: kwamba kitu kiko chini vya kutosha, na kwamba kinakwenda mstari mmoja kutoka A hadi B.

Kutembea kulichukua asubuhi nzima. Kilichotafutwa juu ya ardhi: mita ya maji, koki zote za nje, vifuniko vya chemba, bomba la hewa la choo, kila bomba au waya unaotoka ukutani na kuzama ardhini, nguzo za taa, na kovu lolote kwenye sakafu ya uani. Sasa ni Juni, kiangazi kimeshika, na hilo linasaidia: nyasi zimekauka kote isipokuwa ukanda mwembamba wa kijani nyuma ya jiko, wenye urefu wa mita 3. Nyasi mbichi kwenye ukame ni ama bomba linavuja, ama maji ya jikoni yanapita karibu. Pia kuna bonde dogo lililonyooka kutoka jikoni kwenda chini. Udongo wa mfereji wa zamani hulala taratibu kwa miaka, ukiacha mbonyeo ambao jua la saa kumi na mbili jioni huuonyesha vizuri kuliko la mchana.

Watu wa kuulizwa ni wale walioshika koleo, si walioshika hati. Mlinzi mzee wa jirani, baada ya shikamoo na mazungumzo ya hapa na pale, alisema: “Wajukuu zangu, hapo zamani palikuwa na bomba la chuma la kutoka ziwani. Pampu ilikaa kule kwenye mwembe.” Mwenye nyumba wa sasa hakuwa na habari hiyo.

Marekani mtu anayetaka kuchimba hupiga 811, namba moja kwa nchi nzima, na wenye miundombinu huja kuchora mistari. Hapa kila mlango unabishwa peke yake: MWAUWASA kwa maji na maji taka, TANESCO kwa umeme, na kampuni ya intaneti kama kuna faiba. Hata huko Marekani wachoraji kwa kawaida huishia kwenye mita, na kilicho ndani ya uzio ni mzigo wa mwenye nyumba. Gesi ya mabomba hatuna majumbani Mwanza, tunatumia mitungi. Hofu moja imepungua.

Mchoro umefanyika kwenye karatasi ya miraba, sentimita 1 kwa mita 1. Kila alama imepimwa kutoka pembe mbili za nyumba, si moja. Vipimo viwili vikikutana vinatoa nukta ambayo mtu mwingine ataipata tena hata mti au uzio ukiondolewa.

Siku ya 2, Jumanne. Maji

Mita kwanza. Koki zote zilifungwa, tangi la juu likaachwa lijae mpaka boya likafunga, kisha kigurudumu kidogo cha mita kikaangaliwa dakika 15. Hakikusogea. Maana yake hakuna uvujaji upande wa nyumba, na ukanda wa kijani unabaki kuwa suala la maji ya jikoni. Jaribio hili linaonyesha maji yanayotembea tu. Tawi lililozibwa mwisho wake haligusi mita kabisa.

Bomba ni la plastiki nyeusi, milimita 25. Plastiki haitoi ishara yoyote kwenye kifaa cha kutafutia kebo, kwa hiyo lazima ipewe kitu cha chuma tumboni. Koki kuu ilifungwa, nati ya baada ya mita ikafunguliwa (upande wa mteja, lakiri ya mamlaka haiguswi), na utepe wa chuma ambao mafundi umeme huvutia nyaya ukasukumwa ndani. Kirusha mawimbi, yaani nusu ya kifaa inayotuma ishara (nusu ya pili, kipokezi, huisikia juu ya ardhi), kiliunganishwa hivi: mdomo mmoja kwenye utepe, wa pili kwenye pini ya chuma iliyochomekwa ardhini mita 5 pembeni, kwa pembe mraba na njia inayodhaniwa. Pini ikiwekwa sambamba na bomba, mkondo unarudi kwa njia ileile na ishara inachafuka. Masafa yalikuwa kilohezi 33.

Utepe ulikwama mita 11.4. Kukwama si hasara, kwani kumetueleza penye elbo (kona ya bomba). Kipokezi kilipofuata ishara juu ya ardhi, bomba lilionekana kwenda sawa mita 7, kisha likapinda kulia mita 1.6 na kuzunguka jabali ambalo kwa juu linaonekana kama jiwe la kukalia tu. Kama tungechora mstari kutoka mita hadi tangini, tungekosea kwa mita 1.6, palepale palipopangwa mche wa pili.

Kina kilipimwa kwa njia ya nyuzi 45: simama juu kabisa ya ishara, weka alama, inamisha kipokezi nyuzi 45, kisha sogea pembeni kwa pembe mraba hadi ishara iwe kali tena. Umbali uliosogea ndio kina hadi katikati ya utepe. Rudia upande wa pili. Namba mbili zikitofautiana sana, kuna chuma kingine karibu na usiamini hata moja. Tulipata 31 na 33 kwenye sehemu iliyonyooka, na 12 pembeni ya jabali.

Siku ya 3, Jumatano. Umeme, na bomba la babu

Makosa mengi ya kutafuta nyaya hutokea kwa sababu kifaa kinasikia mkondo, hakisikii waya. Waya wenye umeme lakini usio na mzigo hautoi kitu cha kusikika. Taa za geti zimezimwa mchana, kwa hiyo mtu akipita na kipokezi saa nne asubuhi atasema pako salama. Kabla ya kuanza, taa zote za nje ziliwashwa, na nyumba ya uani ikawekewa pasi na birika la umeme kwa pamoja.

Hata hivyo ishara ya hezi 50 ilikuwa hafifu. Ndani ya kebo moja mkondo unaokwenda na unaorudi hukaa bega kwa bega na kufutana. Kifaa kikinyamaza si ushahidi wa ardhi tupu. Tulitumia kibanio cha kirusha mawimbi kilichozungushwa kwenye kebo pale inapotoka ukutani, bila kugusa waya wenyewe. Kuunganisha kirusha moja kwa moja kwenye waya wenye umeme ni kuua kifaa, au fundi.

Kalamu ya kupima umeme bila kugusa, ile ya kumulika taa nyekundu, haifai kazi hii. Ganda la chuma la kebo lililounganishwa na ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) huuficha umeme usisikike, na udongo nao huuficha.

Mistari mitatu ilipatikana. Wa kwanza unatoka mein swichi kwenda nyumba ya uani, kina sentimita 40 hadi 45, umenyooka. Wa pili unakwenda kwenye taa za geti, kina kinabadilika kati ya 18 na 30. Wa tatu haukutarajiwa: unaanzia kona ya jiko na kushuka ziwani kwa kufuata ule mbonyeo wa siku ya kwanza, wenye ishara ya hezi 50 na pia mnong'ono wa redio. Ishara ya redio hukusanywa na chuma chochote kirefu kilicholala ardhini. Hilo lilikuwa bomba la pampu ya zamani, inchi moja na nusu.

Kwa nini lina umeme? Jibu lilikuwa ukutani nyuma ya sinki la jikoni: kibanio cha shaba kinaunganisha waya wa ethi wa nyumba na bomba hilo. Ukilitazama jiwe, unaelewa. Rodi ya ethi ya mita moja na zaidi haiingii kwenye granaiti, na hata ikiingia, mwamba mkavu haupitishi mkondo vizuri. Fundi wa zamani aliona chuma kinachoshuka hadi kwenye udongo wenye unyevu karibu na maji, akakitumia. Kwa umeme hakukosea sana. Kosa ni kutoandika popote.

Hatari yake ni ya kimya. Mtu akilikata bomba hili ili apande parachichi, taa zitaendelea kuwaka, friji itaunguruma, na hakuna atakayejua kwamba nyumba imepoteza ethi mpaka siku hita ya maji itakapovuja umeme kwenye kasha lake. Vilevile, anayelikata anaweza kushika ncha mbili na kuwa yeye ndiye kiungo cha mkondo. Uamuzi: bomba haliguswi mpaka ethi mpya iwekwe na kupimwa. Shimo la mche wa tano limehamishwa mita 2.

Vijiti viwili vya waya vya kushika mkononi, ambavyo wengine huapa kwavyo, tuliviona kwa mmoja wa vibarua. Vilipishana kila alipokaribia sehemu ambayo tayari tulikuwa tumeichora kwa chokaa. Alipofungwa macho havikupishana penyewe hata mara moja kati ya nne.

Siku ya 4, Alhamisi. Maji taka

Hapa kifaa kinarudi kwenye sanduku na hesabu inafanya kazi. Bomba la maji taka ni plastiki milimita 110, na maji hayapandi mlima, kwa hiyo ukijua kina cha chemba mbili na mteremko wa ardhi kati yake, unajua kina popote.

Chemba ya kwanza na ya pili ziko mita 12. Kina hadi sakafu ya ndani ya bomba: chemba ya kwanza sentimita 38, ya pili sentimita 48. Mtu wa haraka angesema bomba limeshuka sentimita 10. Lakini leva ya mpira wa maji ilionyesha ardhi yenyewe imeshuka sentimita 20 kati ya chemba hizo. Kwa hiyo bomba limeshuka 30 katika mita 12, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita, mteremko wa 1 kwa 40. Ni namba ya fundi anayejua kazi.

Tuta la tatu linapita mita 5 kutoka chemba ya kwanza. Hapo bomba limeshuka 12.5, ardhi imeshuka 8. Sakafu ya ndani ya bomba iko 38 + 12.5 − 8 = sentimita 42.5 chini ya uso wa ardhi. Toa karibu 10.7 kufika mgongo wa bomba: zinabaki 31.8. Tuta linachimbuliwa sentimita 30. Sentimita mbili si nafasi, sululu moja ya nguvu inazimaliza. Tuta la tatu litainuliwa kwa kuongeza udongo na mboji sentimita 20 juu ya ardhi, bila kuchimbua chini.

Hesabu hiyo ni halali kama bomba limenyooka. Kioo kidogo kiliwekwa kwenye chemba ya pili kwa pembe, tochi ikamulikwa kutoka ya kwanza. Ukiona duara kamili la mwanga, njia imenyooka. Tuliona mwezi wa siku saba. Kuna kupinda, pengine jiwe tena, na upande uliofichwa wa mwezi unaonyesha limepindia kushoto. Mstari wa chokaa umepanuliwa hadi mita 1 upande huo.

Bluu ya kufulia ilimwagwa kwenye sinki la jikoni na ndoo ya maji ikafuata. Haikutokea chemba yoyote. Maji ya jikoni yanaishia ardhini nyuma ya jiko, na hiyo ndiyo siri ya nyasi za kijani.

Siku ya 5, Ijumaa. Mashimo ya majaribio

Chokaa ni dhana mpaka jicho lione. Mashimo saba ya sentimita 40 kwa 40 yamechimbwa, kila moja likianza sentimita 50 pembeni ya mstari na kuukaribia kwa ubavu. Bomba au kebo hufikiwa vizuri kwa kupara udongo kutoka pembeni. Mchimbaji anayeshuka moja kwa moja kutoka juu hugundua kebo kwa ncha ya chombo. Chepe bapa na mwiko wa mkono ndivyo vilivyotumika ndani ya hizo sentimita 50. Sululu na mtaimbo viliwekwa nje ya uzio, kwa sababu vikiwa karibu vitatumika.

Umeme ulizimwa mein swichi, na breka ya nje ikafungwa kwa kufuli dogo. Kipima umeme kilijaribiwa kwanza mahali panapojulikana kuwa pana umeme, kisha pa kazi, kisha tena pale pa kwanza. Mtu mmoja aliuliza kama kuacha yuniti za LUKU ziishe kunatosha. Hapana. Kebo inayoleta umeme hadi mita inabaki hai yuniti zikiwepo au zisiwepo, na ndugu mwenye simu anaweza kununua yuniti akiwa Igoma, aliye nyumbani akaziingiza kwenye mita huku wewe umeshika waya Nyegezi.

Alama za kusoma shimoni: udongo uliochanganyika rangi badala ya tabaka safi, mchanga laini mahali pasipo mchanga, vipande vya tofali vilivyopangwa, utepe wa plastiki wa rangi. Kebo ya nyumba ya uani ilikuwa na mchanga na tofali, kazi safi. Kebo ya taa za geti ilikuwa waya wa ndani ya nyumba, milimita za mraba 1.5, usio na bomba wala mchanga, na kwenye shimo la nne kiungo kilichofungwa kwa tepu nyeusi tu, sentimita 22 chini. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka. Masika moja zaidi na maji yangeingia. Kiungo hicho hakirekebishwi. Kebo yote inabadilishwa.

Saa saba na nusu, shimo la mche wa nne, mahali pasipo na ishara wala alama: chepe likakata bomba la plastiki la milimita 20 kwenye sentimita 14, maji yakaruka. Koki kuu ilifungwa ndani ya dakika moja kwa sababu ufunguo wake ulikuwa umening'inizwa hapo tangu asubuhi. Hili ni lile tawi ambalo mita haikuweza kulionyesha, na utepe wa chuma uliipita tii yake (kiungo cha njia tatu) bila kuihisi. Liliwahi kulisha koki ya nje, koki ikaondolewa, mwisho ukazibwa na kufukiwa ukiwa na presha kamili.

Tawi kama hilo linakatwa pale linapozaliwa. Kuunga palipokatwa kungeacha bomba lilelile kumngoja mchimbaji mwingine, na maji yaliyolala ndani yake yakioza. Tulilifuata kwa mkono mita 2.3 hadi kwenye tii na kuweka plagi ya kubana. Namna yake: kata bomba kwa pembe mraba, chonga ukingo wa nje kidogo ili usichane pete ya mpira, weka alama ya kina cha kuingia, pitisha nati na pete ya kushika, sukuma mpaka alama ipotee, kaza kwa mkono, kisha nusu mzunguko kwa spana. Tepu nyeupe ya nyuzi haiwekwi upande wa kubana. Inafaa kwenye nyuzi zinazopaswa kuziba maji zenyewe, na mahali hapa huzuia nati kukaa.

Kama ingekuwa kebo badala ya bomba, na umeme haujazimwa: achia chombo palepale kilipo, usikivute, ondoa watu wote, zima mein swichi kama njia yake ni kavu. Ikiwa ni kebo ya kabla ya mita, ipigie TANESCO na ulinde eneo hadi wafike.

Siku ya 8, Jumatatu. Kurudishia

Kebo mpya ya geti ni ya nyuzi tatu, milimita za mraba 2.5, yenye ganda la waya wa chuma. Mfereji ni sentimita 50: mchanga 10 chini, kebo, mchanga 10 juu, tofali, udongo kidogo, utepe wa manjano, udongo tena. Mita 4 za katikati haziendi zaidi ya 20 kwa sababu ya jabali. Hapo kebo imeingizwa kwenye bomba la chuma na kufunikwa zege la sentimita 10, na uso wa zege umeandikwa kwa msumari kabla haujakauka: UMEME.

Ethi mpya: rodi iligoma kwenye sentimita 30 mara tatu. Badala yake waya mtupu wa shaba umelazwa kwa urefu wa mita 12 kwenye mfereji wa sentimita 60 upande wa chini, penye udongo mweusi unaoshika unyevu. Fundi umeme ataupima kwa kipima ethi chenyewe (mita ya kawaida ya omu haitoi jibu la kuaminika kwa ardhi) kabla ya waya wa jikoni kuhamishwa.

Rangi za alama za kudumu kwenye ukuta wa uzio: bluu maji, nyekundu umeme, kijani maji taka. Bomba la chuma limepewa nyekundu na bluu pamoja, mpaka kipimo cha ethi kirudi. Mchoro umewekwa plastiki na kufungwa ndani ya kisanduku cha mita ya maji, kina cha kila nukta kikiwa kimeandikwa pamoja na tarehe na njia iliyokipima: jicho, kifaa, au hesabu. Nukta kumi na moja ni za jicho. Sita za kifaa. Tatu za maji taka bado ni za hesabu, na msingi wa tangi umesogezwa kaskazini mita 1.5 ili usizikalie.